Jinsi ya Kuupokea Msimu Mpya wa Mpira wa Australia Ukiwa Moshi

Mwongozo huu nimewaandikia wale wachache wa Moshi, pamoja na majirani zetu wa Arusha, ambao mioyo yao imetekwa na mpira wa Australia, ule unaochezwa kwa mpira wenye umbo la yai katika kiwanja cha duaradufu, na ambao kila ifikapo Februari huanza kuhesabu siku. Wengi wetu tuliupata mchezo huu kwa wageni. Mimi niliupata mlimani, katika kambi ya Karanga, njia ya Machame, kwa mzee mmoja kutoka Melbourne aliyevaa skafu nyekundu, nyeupe na nyeusi kwa siku zote saba za safari, hata wakati wa kulala. Nilipomuuliza skafu ile ni ya nini, alinieleza habari za klabu ya St Kilda hadi chai ikapoa, na tulipoagana katika geti la Mweka alinivisha shingoni. Tangu siku hiyo timu yangu ni hiyo, na mifano mingi nitakayoitoa humu inatoka kwake, ingawa hatua zenyewe zinamfaa shabiki wa klabu yoyote kati ya 18 za AFL, ligi kuu ya mchezo huu.

Ijue timu yako kwa alama zake

Kabla ya kusoma habari yoyote ya msimu ujao, tenga jioni moja ujifunze mechi mbili tatu zilizoijenga timu yako, na ujifunze kwa alama, kwa sababu katika mchezo huu alama husimulia mambo mengi. Kila mwisho wa kiwanja una nguzo nne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo mbili ndefu za katikati bila kuguswa ni goli, nalo lina pointi 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na nguzo fupi ya pembeni, timu hupata pointi 1 tu. Matokeo huandikwa kwa kuanza na magoli, zikafuata zile pointi mojamoja, kisha jumla ikawekwa ndani ya mabano. Ukiona 10.14 (74), maana yake ni magoli 10 yenye thamani ya pointi 60, na pointi mojamoja 14, jumla 74.

Alama hizo nimezichagua makusudi. Ndizo St Kilda walizopata katika fainali kuu ya tarehe 24 Septemba 1966, na wapinzani wao, Collingwood, walipata 10.13 (73). Magoli yalikuwa sawa. Kilichowatenganisha ni pointi moja ya pembeni iliyotokana na mpira wa Barry Breen wa St Kilda mechi ikiwa inakaribia kwisha, mpira ulioyumbayumba ukapita nje ya nguzo ndefu. Klabu hii ilianzishwa 1873, ikawamo katika ligi tangu msimu wa kwanza wa 1897, na hadi leo ubingwa wake ni huo mmoja. Mzee yule aliniambia kwamba siku ile alikuwa mtoto wa miaka tisa, amesimama juu ya kreti ili aone, na kwamba baba yake, ambaye hakuwahi kumwona akilia, alilia.

Baada ya furaha, jifunze na majonzi. Mwaka 2009 St Kilda walishinda mechi 19 za mwanzo mfululizo, kisha wakafungwa na Geelong kwa pointi 12 siku ya fainali kuu. Mwaka uliofuata walirudi fainali na kutoka sare na Collingwood: wao 10.8 (68), wenzao 9.14 (68). Katika dakika za mwisho mpira ulidunda mbele ya Stephen Milne wa St Kilda, hatua chache tu kutoka golini, ukakwepa mikono yake na kwenda pembeni, ikawa pointi moja mahali pa sita. Fainali ikarudiwa wiki iliyofuata, nao wakafungwa kwa pointi 56. Nimeutazama mdundo ule kwenye simu mara nyingi, nikiisimamisha picha pale ncha ya mpira inapogusa majani, na bado kila mara mwili wangu huegemea kushoto kana kwamba naweza kuuvuta mpira urudi. Tafuta tukio la namna hiyo katika historia ya timu yako na ulitazame hadi mwisho. Shabiki aliyelijua jeraha la klabu yake haamini kila habari njema ya mwezi wa pili, wala hatikiswi na kila habari mbaya ya mwezi wa tatu.

Usome usajili kwa utulivu

Sisi tuliolelewa na Simba na Yanga tumezoea kwamba klabu yenye fedha hununua, na yenye shida huuza au hushuka daraja. Katika AFL hakuna kushuka daraja. Klabu zote zina kikomo cha fedha za mishahara, dirisha la kubadilishana wachezaji hufunguliwa Oktoba, na Novemba hufanyika zoezi la kuchagua vijana wapya, ambalo kwa kawaida klabu iliyoshika mkia ndiyo hupewa nafasi ya kwanza ya kuchagua. Utaratibu huo uliwekwa ili klabu dhaifu isibaki dhaifu milele, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa inayompa shabiki wa timu ya chini haki ya kutumaini kwa akili timamu.

Ukiwa na daftari mbele yako, gawa ukurasa katikati: upande mmoja walioingia, upande mwingine waliotoka, na mbele ya kila jina andika kazi anayoifanya uwanjani, si sifa anazopewa. Daftari langu la msimu huu wa 2026 lina majina manne ya walioingia ambayo nimeyapigia mstari. Tom De Koning ametoka Carlton; ni mrefu, na kazi yake ni kuruka na kuupangusa mpira unaporushwa juu ili viungo wake waupate kwanza. Jack Silvagni naye ametoka Carlton, na msimu uliopita alisimama nyuma kama beki. Sam Flanders wa Gold Coast ni kiungo. Liam Ryan, aliyekuwa bingwa na West Coast mwaka 2018, ni mshambuliaji mfupi anayeruka juu ya mabega ya watu kuudaka mpira, na huyo ndiye nitakayewaonyesha watoto wa mtaani kwangu. Upande wa waliotoka kuna jina zito: Jack Steele, aliyekuwa nahodha, amehamia klabu ya Melbourne.

Usiishie kwa waliotoka na walioingia. Nafasi ya tatu katika ukurasa wape waliobaki na waliokuwa wagonjwa, maana mara nyingi humo ndimo msimu unamojificha. Nasiah Wanganeen-Milera alipokubali mwaka jana kuongeza miaka miwili, mimi nililiona hilo kuwa kubwa kuliko usajili wote, kwa sababu kijana huyo ndiye anayeutoa mpira nyuma na kuufikisha mbele bila kuupoteza. Max King, mshambuliaji wao mrefu, hakucheza mechi hata moja ya ligi mwaka 2025 kwa sababu ya goti. Katika daftari langu jina lake liko kwa penseli, na ndivyo ninavyokushauri ufanye kwa kila mchezaji anayetoka katika majeraha ya muda mrefu: mwandike kwa penseli hadi acheze mechi tano mfululizo, ndipo umpitishie kalamu.

Hesabu ratiba kabla ya kutaja ubingwa

Kila timu hucheza mechi 23 kabla ya mtoano. Klabu zikiwa 18, maana yake unakutana na kila mmoja mara moja, ndizo mechi 17, kisha mechi 6 zinazobaki ni marudio dhidi ya wapinzani sita tu. Ratiba ikitoka, usianze kuangalia mechi ya ufunguzi kama wafanyavyo wengi. Tafuta hao sita. Timu ikipewa marudio na vigogo wanne na nyingine ikipewa marudio na wanyonge wanne, msimamo wa ligi mwezi wa nane utaonyesha tofauti hiyo hata kama timu zenyewe zina uwezo sawa.

Ushindi una pointi 4 katika msimamo, sare pointi 2. Timu zikilingana hazitenganishwi kwa tofauti ya magoli bali kwa asilimia: chukua pointi zote ulizofunga, ugawe kwa zote ulizofungwa, uzidishe kwa 100. Aliyefunga 2,000 na kufungwa 1,800 ana asilimia 111.1. Kwa hiyo ukiwa umefungwa tayari na mechi imebaki robo ya mwisho, kila goli moja bado lina kazi, na ndiyo maana mchezaji anayekata tamaa timu ikiwa nyuma kwa pointi 40 huniudhi kuliko anayekosea.

Sasa pima. Tangu 1994 hadi 2025 timu nane za juu ndizo zilizoingia mtoano, na kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo zisome upya kila msimu kabla ya kuchora mstari wako. Mwaka 2025 Western Bulldogs walishinda mechi 14 na bado wakamaliza wa tisa. St Kilda walishinda 9 wakamaliza wa 12. Mtu anayetaka timu yangu iingie nane za juu anapaswa kutuambia ushindi mwingine zaidi ya mitano utatoka wapi, kwa kutaja mechi zenyewe katika ratiba, na mimi kazi hiyo nimeifanya kwa jioni tatu nikiwa na taa ya kuchaji.

Hata hivyo usiifanye hesabu kuwa gereza. Adelaide walimaliza wa 15 mwaka 2024, na mwaka uliofuata wakaongoza ligi. Kisha, wakiwa kileleni hivyo, wakapoteza mechi zao zote mbili za mtoano wakiwa nyumbani. Western Bulldogs walitwaa ubingwa wa 2016 wakitokea nafasi ya saba, wakiwa wamekaa miaka 62 bila kombe. Melbourne walisubiri kuanzia 1964 hadi 2021. Mambo haya yaandike katika jalada la ndani la daftari, mahali utakapoyaona kila unapolifungua.

Yaandike matumaini kabla king'ora cha kwanza hakijalia

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Wageni wa Kilimanjaro Marathon wakishaondoka na mji ukatulia, keti uandike matumaini yako kwa tarehe na sahihi. Yasiyoandikwa hubadilika kimyakimya kadiri matokeo yanavyokuja, na ifikapo Agosti mtu hujiaminisha kwamba hakuwahi kutumaini kitu. Mimi huandika kwa ngazi, kama tunavyopanda mlima kwa kambi. Ngazi ya chini ni jambo ambalo lisipotokea nitakuwa na haki ya kusikitika: kwa msimu huu, St Kilda washinde mara nyingi kuliko kufungwa, yaani mechi 12 au zaidi kati ya 23. Ngazi ya kati ni kuingia mtoano, ambako hawajafika tangu 2023 walipofungwa na GWS (Greater Western Sydney), na safari hii washinde walau mechi moja humo. Ngazi ya juu nimeiandika kwa maneno machache: fainali kuu, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, na skafu ile ya mzee shingoni mwangu.

Chini ya ngazi hizo weka matumaini madogo yasiyohusu msimamo, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayokulisha katika wiki za njaa. Natumaini De Koning na viungo wake wataelewana kufikia mwezi wa tano. Natumaini kocha Ross Lyon, ambaye ndiye aliyekuwa na timu katika fainali zile za 2009 na 2010 na akarudi 2023, atawaachia vijana wakimbie zaidi na kujilinda kidogo. Natumaini King atapitishiwa kalamu.

Usizionyeshe kurasa hizo kwa kila mtu. Mwonyeshe mmoja anayekupenda na asiyejali mpira. Yeye atakukumbusha ulichoandika bila kukubishia.

Tafsiri saa mara moja tu, uache kuhangaika

Saa za Melbourne zimewavunja moyo mashabiki wengi wapya, hasa kwa sababu ratiba huandikwa kwa mfumo wa saa 24 na sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili. Njia yangu ni hii: kuanzia Jumapili ya kwanza ya Aprili hadi fainali kuu, chukua saa ya Melbourne, utoe 13, na jibu lako ni saa ya Kiswahili moja kwa moja. Mechi ya 19:30 inakuwa saa sita na nusu mchana. Mechi ya 14:30 inakuwa saa moja na nusu asubuhi. Machi, wakati wenzetu wa Victoria bado wamesogeza saa zao mbele kwa ajili ya kiangazi, toa 14 badala ya 13. Perth iko karibu nasi zaidi, hivyo kwa mechi za huko toa 11 msimu mzima, maana wao hawasogezi saa. Andika namba hizo tatu, 13, 14 na 11, katika kipande cha karatasi na ukibandike ukutani karibu na kalenda.

Utaona kwamba mechi zetu nyingi zinaangukia asubuhi na mchana wa mwisho wa wiki, tena katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, wakati mawingu yanaweza kuufunika mlima siku nzima na watu wa Melbourne nao wako katika baridi yao. Kutazama watu wenye makoti mazito upande wa pili wa bahari ukiwa nawe umejifunga shuka hapa Moshi kunaleta ujirani ambao sikuutarajia.

Kuhusu kutazama kwenyewe nitasema kwa kifupi. Kuna huduma rasmi ya mtandaoni ya walio nje ya Australia, iitwayo Watch AFL, inayolipiwa. Lipia kwa kushirikiana na wenzako ikiwa kanuni zao zinaruhusu. Picha hula bando, kwa hiyo punguza ubora wake, chaji simu usiku, na siku umeme ukikatika fuata alama tu katika programu ya ligi. Ukiwa na kibanda umiza karibu, zungumza na mwenyewe mapema, kwa sababu asubuhi runinga zake huwa zimezimwa na hana cha kupoteza. Watakaojitokeza kwa udadisi uwaeleze mambo matatu pekee: hakuna kuotea, anayedaka mpira uliopigwa kwa mguu zaidi ya mita 15 hupewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa, na mpira haurushwi kwa mkono bali hupigwa kwa ngumi. Kisha waonyeshe Aliir Aliir wa Port Adelaide, uwaambie alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Kibandani kwetu habari hiyo ilinyamazisha watu, na kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa amesimama mlangoni akavuta kiti.

Usizime kabla ya king'ora cha mwisho

Jumapili ya tarehe 27 Julai 2025, St Kilda walikuwa nyuma ya Melbourne kwa pointi 46 robo tatu za mechi zikiwa zimekwisha. Niliizima simu nikaiweka mfukoni, nikaenda kanisani nikiwa na hasira ambayo haikufaa kuingia nayo mle. Nilipoiwasha baada ya ibada nilikuta kwamba walikuwa wamesawazisha. Kwamba zikiwa zimebaki sekunde chache, mwamuzi aliwaadhibu Melbourne kwa kuvunja kanuni ya kujipanga, inayotaka kila timu iwe na wachezaji sita nyuma, sita katikati na sita mbele mpira unapoanzishwa. Kwamba Rowan Marshall aliupiga mbele mpira wa adhabu, Wanganeen-Milera akaudaka, king'ora kikalia mpira ukiwa mikononi mwake, naye akapiga goli. Hakuna timu katika historia ya ligi hiyo iliyowahi kutoka nyuma kiasi hicho katika robo ya mwisho ikashinda. Nilisimama nje ya kanisa nikiitazama robo hiyo yote peke yangu, jua likiniwakia, na mama mmoja wa jumuiya yetu akanisogelea kuniuliza, "Baba, kuna msiba?"

Kwa hiyo kanuni yangu ya msimu huu ni kwamba mechi iliyoanza kutazamwa humalizwa. Kama kuna ibada, au kuna mgeni wa kupandisha mlimani, usiianze kabisa. Omba mtu asikutajie matokeo, uje uitazame yote jioni.

Panga Septemba ukiwa bado Februari

Fainali kuu huchezwa katika uwanja wa MCG, Melbourne, unaobeba watu wapatao 100,000, na kwa muda wa kawaida wa kuanza, saa 14:30 kwao, kwetu inakuwa saa moja na nusu asubuhi. Muda huo ni mzuri kwa mtori. Anza kuuandaa tangu usiku: ndizi ziwe zimeshamenywa na kulowekwa, nyama ya mifupa ichemke taratibu, ili asubuhi ibaki kazi ya kuponda na kuongeza maziwa. Vikombe viwe vingi kuliko wageni unaowatarajia. Wapandishaji mlima kama mimi wanapaswa kuiomba kampuni isiwapangie safari inayoikumba Jumamosi hiyo, na maombi ya namna hiyo hupokelewa vizuri yakipelekwa miezi saba kabla, si wiki moja kabla.

Ombi langu nimelipeleka wiki iliyopita. Juzi nilipita kibandani, nikamwomba mama mwenye kibanda anifungulie tarehe 26 Septemba saa moja kamili asubuhi. Aliniuliza kama timu yangu imeshaingia fainali. Nikamjibu kwamba ligi bado haijaanza. Alinitazama, akatoa daftari lake la madeni, akaandika tarehe hiyo kwenye ukurasa mtupu wa nyuma, nami nikamlipa nusu.